Ukuta, mifereji na haki ya kupita: jinsi ufukwe wa mji unavyofufuliwa

Kabla ya kuwa mahali pa kupunga upepo, Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, palikuwa mahali pa kazi. Mabohari ya forodha, mizigo na hamali vilijaa mbele ya jumba la kale la Beit al-Ajaib mpaka shughuli za bandari zilipohamia Malindi katika miaka ya 1920. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, ardhi ile ikawa bustani ya umma. Miongo saba baadaye bustani hiyo ilikuwa imechakaa, na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, uliikarabati ikafunguliwa upya Julai 2009. Hatua chache kaskazini, ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya chini ya Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Mtu akitembea hapo jioni huona nyasi, taa, mabaraza na moshi wa mishikaki. Sehemu kubwa ya kazi ya namna hii, na ya fedha zake, haionekani: iko nyuma ya ukuta, ndani ya mifereji, na katika makaratasi yanayoamua nani ana haki ya kupita wapi. Miradi mingi ya pwani huharibika kwa sababu mpangilio huu umegeuzwa. Picha ya bustani huchorwa mwanzo, kisha wahandisi huambiwa wailinde na maji, na wachuuzi huambiwa watafutiwe pa kukaa. Ufukwe hupangwa kuanzia majini kuja nchi kavu, na mapambo huja mwisho.

Kuyajua maji

Unguja maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, linapokuwa kubwa tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji hujaa mjini mnamo saa 10 alasiri, na tena saa 10 usiku. Maana yake ni kwamba bamvua hugonga ukuta saa zile zile ambazo watoto wametoka shule na watu wazima wanaanza kushuka pwani. Mpimaji aliyefika saa 4 asubuhi ya siku hiyo hiyo ameona ufukwe mwingine kabisa, mchanga mtupu na mashua zimelala ubavu. Ndiyo maana vipimo vichukuliwe mwaka mzima, wakati wa kusi (upepo wa kusini) na wa kaskazi (upepo wa kaskazini), bamvua na maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana). Mradi unaoanza na ziara ya wiki 2 za Januari unaanza na robo ya habari.

Kuna kosa moja la vipimo linalojirudia na lenye gharama kubwa. Ramani za ardhi hupima kimo kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Ramani za mabaharia na majedwali ya maji huanzia karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji kupwa. Pwani yetu sifuri hizo mbili hutofautiana kwa takriban mita 2. Mchoraji akichukua kimo cha barabara kutoka ramani moja na kimo cha maji kutoka nyingine bila kuoanisha, ukuta wake utakuwa mrefu kupita kiasi au utafurika mwaka wa kwanza. Ukurasa wa kwanza wa michoro yote uandikwe sifuri ipi inatumika, na alama moja ya shaba ipigiliwe mahali pasipohama ili kila fundi apimie hapo.

Kimo cha ukuta hupatikana kwa kujumlisha: maji ya juu kabisa ya bamvua, ongezeko linaloletwa na upepo na mgandamizo wa hewa, kupanda kwa bahari katika umri wa ukuta, urefu wa wimbi linaloparamia, na akiba kidogo. Kati ya 2006 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, miaka 50 ni kama sentimita 18 au 19, lakini kasi yenyewe inaongezeka, kwa hiyo ukuta wa leo usiopangiwa walau nusu mita ya ziada utakuwa umejengwa kwa ajili ya bahari ya jana.

Hapo ndipo mhandisi na mwananchi huanza kugombana, na wote wawili wana hoja. Ukuta mzima wa zege wenye kimo cha mita 1.1 juu ya njia humzuia mtu aliyekaa asione maji yaliyo karibu, kwani jicho lake liko mita 1.2 hivi kutoka chini, juu kidogo tu ya ukingo. Mji uliojengwa ili watu wawe karibu na bahari unawafungia nje. Jawabu tunalo tangu zamani: baraza. Ukuta mpana wa sentimita 60, wenye kikao cha sentimita 45 upande wa mji na mgongo unaofikia sentimita 80 hivi upande wa bahari, huzuia maji, hukalisha watu, wala haufichi upeo wa macho. Kimo kinachobaki kinaweza kupatikana kwa kuinua njia yenyewe kidogo kidogo kutoka barabarani, kwa mteremko usiozidi 1 kwa 20, yaani mita 1 ya kupanda kwa kila mita 20 za mwendo, ili mwenye kiti cha magurudumu apande bila kusukumwa. Pale nafasi inapobana, 1 kwa 12 ndio mwisho, tena pawe na mahali pa kupumzikia kila baada ya mita chache.

Kwa nini kuta huanguka

Watu hudhani mawimbi ndiyo huangusha ukuta kwa kuupiga. Mara nyingi ukuta hufa kwa nyuma. Maji yanapojaa hupenya kwenye kifusi kilicho nyuma yake. Yanapokupwa, kwa kasi ya zaidi ya nusu mita kwa saa wakati wa bamvua, maji ya nyuma hubaki juu kuliko ya mbele na kuusukuma ukuta kuelekea baharini. Yakitafuta pa kutokea, hubeba chembe za mchanga kupitia kila ufa. Mara mbili kwa siku, zaidi ya mara 700 kwa mwaka, mchanga kidogo huondoka. Juu, vigae vinaonekana vizima. Chini kuna pango. Kisha siku moja gari la taka linapita, na njia inazama.

Dawa yake inajulikana na haihitaji teknolojia ya ajabu. Nyuma ya ukuta huwekwa mawe na kokoto zinazopitisha maji, kwa tabaka, kubwa karibu na ukuta na ndogo kuelekea kwenye udongo, na kati yake kitambaa cha kuchujia kinachoruhusu maji na kuzuia mchanga. Ukutani huachwa matundu ya kutolea maji, kipenyo cha milimita 75 au zaidi, kila mita 1.5 hadi 2, na ndani ya kila tundu mfuko wa kokoto. Kitambaa kipandishane angalau sentimita 30 kwenye maungio. Fundi akibana gharama akapandisha sentimita 5, mchanga utapita hapo hapo. Sehemu hii hufukiwa ndani ya siku chache na haitaonekana tena, kwa hiyo msimamizi wa mradi awepo wakati wa kufukia, na picha zipigwe kwa kila kipande.

Adui wa pili yuko miguuni. Ukuta uliosimama wima hurudisha wimbi, na wimbi linalorudi huchimba mchanga chini yake. Kitako kikiwa juu ya mchanga huo, ukuta huinama. Msingi ushuke hadi kwenye mwamba wa matumbawe kama uko karibu. Kama hauko, mbele yake yapangwe mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya wimbi. Mahali penye nafasi, ngazi pana za mawe ni bora kuliko ukuta wima, kwani huvunja wimbi taratibu na kumfikisha mtu majini. Ila ngazi zilizo chini ya mstari wa maji kujaa huota ukoga na kuteleza vibaya. Zijengwe kwa jiwe lenye uso mkwaruzo, ziwekewe pa kushika, na kuwe na mtu mwenye kazi ya kuzisugua.

Kuhusu vifaa, chumvi haina subira. Nondo kwenye zege la pwani zifunikwe kwa angalau milimita 50 za zege zito, lenye maji machache, na milimita 75 pale mawimbi yanaporuka. Kuta za kale za mawe ya matumbawe zirekebishwe kwa chokaa. Saruji iliyopakwa juu ya jiwe la matumbawe huzuia unyevu kutoka, chumvi huganda ndani, na baada ya misimu michache uso wa jiwe humeguka vipande vipande, saruji ikiwa bado inang'aa. Mabomba ya kushikia na skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Daraja la 304, ambalo ni rahisi zaidi sokoni, huanza kuota madoa ya kutu mapema.

Mvua na bahari zinapokutana

Bamvua kubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Masika nayo huanza Machi. Mji wa pwani basi hupata mvua kubwa na bahari kubwa katika majuma yale yale, na mifereji inayomwaga baharini hufungwa na bahari yenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bamvua linalopanda mita 2 juu ya usawa wa wastani na kushuka mita 2 chini yake. Mdomo wa mfereji ulio mita 1 juu ya usawa huo utafunikwa kwa saa 4 hivi katika kila mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Mvua ya milimita 50 ikinyesha ndani ya saa hizo juu ya hekta moja ya mji uliosakafiwa, na asilimia 90 yake ikatiririka, maji yanayotafuta pa kwenda ni mita za ujazo 450. Yasipokuwa na hifadhi, yatakaa barabarani na madukani.

Kwa hiyo chini ya bustani ya ufukweni panafaa kuwa na hodhi. Hodhi la mita 15 kwa 15, lenye kina cha mita 2, huchukua maji hayo yote, na juu yake watoto hucheza mpira. Mdomoni mwa mfereji huwekwa mlango wa bawaba unaofunguka maji yanapotoka na kufungika bahari inapopanda. Milango hiyo ndiyo kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote: mfuko mmoja wa plastiki au kipande cha ubao kikinasa ukingoni, mlango hubaki wazi, na bahari hupanda mfereji hadi mitaani. Kabla yake pawe na wavu wa kunasa taka unaofikika kwa mtu aliyesimama nchi kavu, si kwa mpiga mbizi.

Maji machafu ya nyumba yasiingie humo kabisa. Panapomwagika maji ya vyoo, hakuna usanifu utakaofanya ufukwe upendwe, na vijana wanaoruka ukutani kuogelea, kama wanavyofanya Forodhani kila jioni maji yakijaa, watakuwa wanalipa kwa afya zao. Kuogelea kwao kupangiwe kama matumizi halali: kina kipimwe, mawe yaliyojificha yaondolewe, na ngazi ya kupandia iwepo kila mita 40 au 50.

Nani anapita

Ufukwe wa umma una thamani pale unapoungana. Kipande kimoja kilichozibwa huua vipande viwili vilivyo wazi, kwa sababu mtu akifika mwisho wa njia hugeuka, na akigeuka mara mbili haji tena. Mji Mkongwe uliona uzito wa jambo hili kwenye jengo la Mambo Msiige, lililopanuliwa kuwa hoteli iliyofunguliwa 2015: Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa upanuzi huo mbele ya bahari. Mji wenye hadhi ya urithi wa dunia tangu 2000 hauwezi kujadili jambo kama hilo baada ya zege kumwagwa.

Sheria husaidia pale inapopimwa ardhini. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini mita 60 kutoka wapi? Mstari wa maji kujaa usipochorwa kwenye ramani na kuwekewa mawe ya mipaka, kila mwenye kiwanja ataupima siku ya maji mafu. Mpango wa ufukwe uchore mstari huo, uonyeshe njia ya umma yenye upana usiopungua mita 3 mbele ya kila jengo, na njia za kushukia pwani kati ya majengo kila mita 100 hadi 150. Haki hizo ziandikwe kwenye hati ya kila kiwanja, ili mnunuzi ajaye azikute.

Barabara nayo ni ukuta wa aina yake. Dar es Salaam, Barack Obama Drive inapita ukingoni mwa bahari. Mizingani hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa mdogo. Pale barabara isipoweza kuondolewa, mwendo ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa, vivuko viinuliwe usawa wa njia ya miguu, na viwekwe pale vichochoro vinapotokea, maana watu watavuka hapo hata kivuko kikiwekwa mbali. Mahali pa kuegesha magari paende nyuma ya majengo. Kila gari linaloegeshwa ufukweni hula mita za mraba 12 za mandhari ghali kuliko zote mjini.

Na majengo yanayotazama bahari ni sehemu ya mpango. Sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Kabla mashine za kushindilia na kugongea nguzo hazijaletwa karibu na kuta za karne ya 19, nyufa zipimwe, vipimo vya mtikisiko vifungwe, na kikomo kiandikwe kwenye mkataba.

Waliopo tayari

Kabla ya kuchora chochote, hesabu watu. Dakika 10 za kila saa, kutoka alfajiri hadi saa 5 usiku, zidisha kwa 6 upate saa nzima. Fanya hivyo siku ya kazi, Ijumaa, Jumapili, usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, na sikukuu ya Idi. Andika wanawake, wanaume, watoto na wazee kila kundi peke yake, na andika wanafanya nini: wanapita, wamekaa, wanauza, wanavua, wanashusha mzigo. Pale wanawake wanapopungua ghafla baada ya magharibi, tatizo mara nyingi ni taa, choo au njia ya kurudia nyumbani, na mambo hayo hurekebishika.

Wavuvi na manahodha wapate pao mapema. Ngalawa inahitaji mchanga unaoteremka polepole, na ukuta mpya ukipita juu ya mchanga huo umefunga kazi ya watu. Acheni mwanya wa mita 20 au 30 wenye mteremko wa 1 kwa 8 hivi, pamoja na bomba la maji safi na kivuli cha kutengenezea nyavu.

Kisha chakula cha usiku, roho ya Forodhani. Meza moja ya muuzaji huchukua mita 2 kwa 2, mbele yake mita 1.5 za wanunuzi, halafu mita 3 za wapitao. Ukanda wa mita 6.5 basi ndio wa chini. Ukibana hapo, foleni ya urojo huziba njia nzima. Kila meza 4 zigawane bomba la maji na sinki linalopita kwenye mtego wa mafuta, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakiingia mfereji wa mvua huganda na kuuziba. Majivu ya makaa yawe na pipa lake la chuma, mbali na taka nyingine. Meza zipangwe ili moshi wa kaskazi na wa kusi usiingie kwa waliokaa, na hapo mwalimu ni wauzaji wenyewe wanaojua upepo wa kila mwezi. Wauzaji wakiondolewa wakati wa ujenzi, orodha ya majina yao ifungwe na kubandikwa hadharani kabla hawajaondoka. Bila hivyo, watakaorudi watakuwa watu wengine.

Kivuli kinataka fikra zaidi kuliko kinavyopewa. Mji Mkongwe unatazama magharibi, jua humpiga usoni aliyekaa kuanzia saa 9 alasiri. Mti uliopandwa nyuma ya baraza hautamsaidia. Unatakiwa upande wa bahari au juu yake, matawi yakianzia mita 2.5 ili macho yapite chini. Mkungu hutoa kivuli kipana na huvumilia chumvi. Mtondoo hukua polepole lakini hudumu. Mvinje hukua haraka, kivuli chake ni chepesi, na matawi yake huvunjika kwa pepo. Mnazi hupendeza kwenye picha, hufunika watu wachache, na nazi zake lazima zianguliwe kabla hazijamwangukia mtu. Kila mti upewe walau mita za ujazo 8 za udongo mzuri. Shimo la mita 1 kwa 1 ndani ya kifusi ni kaburi lake.

Baada ya utepe kukatwa

Bajeti ya matunzo ijadiliwe pamoja na bajeti ya ujenzi, na izungushiwe ukuta: kodi za meza za chakula, ada za boti na matamasha ziingie kwenye akaunti ya ufukwe, zisipotelee kwenye mfuko mkuu. Milango ya mifereji ikaguliwe kila mwezi na kabla ya kila bamvua la masika. Ukuta ukaguliwe kwa miguu, kutoka upande wa bahari, mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, maji yanapokupwa kabisa. Matundu yaliyoziba yazibuliwe, na mchanga unaotoka nao uchunguzwe, kwani mchanga mweupe chini ya tundu ni habari kwamba kitambaa kimepasuka. Vigae vigongwe kwa fimbo ya chuma: vinavyolia kama debe tupu vina pango chini. Taka za chakula ziondoke kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, kabla ya kunguru kuamka.

Vyoo vinahitaji jina la mtu. Mkataba uandike nani anafungua, nani anasafisha, kila yapitapo masaa mawili, katika jioni za mwisho wa wiki, nani analipa maji, na nani anashika ufunguo siku za Idi, wakati umati ni mkubwa kuliko siku yoyote nyingine ya mwaka.